Kisanduku kitupu ndani ya arei: uchambuzi wa kisa cha jedwali la mvua katika Common Lisp

## Usuli

Kisa hiki kinahusu timu ndogo ya utafiti wa kilimo Afrika Mashariki. Majina, mahali na chochote kinachoweza kuwatambulisha wahusika vimeondolewa, idadi ya vituo nimeisawazisha, na msimbo nimeufupisha. Mtiririko wa mambo umebaki kama ulivyokuwa.

Timu ilirithi modeli ya kukadiria tarehe za kupanda wakati wa masika. Iliandikwa kwa Common Lisp na mtafiti ambaye sasa amestaafu. Wengi huuliza kwa nini hawakuitupa na kuiandika upya kwa lugha nyingine. Haikuwapo haja. Lugha hiyo ilipata kiwango chake rasmi cha ANSI, taasisi ya viwango ya Marekani, mwaka 1994, na kiwango hicho hakijabadilishwa tangu hapo. Msimbo wa miaka ya tisini ulipakiwa kwenye SBCL ya leo, mojawapo ya programu zinazoendesha Common Lisp, ukakubali, isipokuwa mistari michache iliyohusu majina ya faili. Modeli ilikuwa imepimwa mashambani msimu baada ya msimu, na matokeo yake yaliaminika.

Kilichobadilika ni wingi wa data. Modeli ilizoea vituo vichache, na sasa ilitakiwa kubeba vituo 1,200 kwa siku zote za kuanzia 1981 hadi 2020. Hizo ni siku 14,610 ukijumlisha zile 10 za miaka mirefu, yaani jedwali la visanduku 17,532,000. Ndani ya kila kisanduku kuna milimita za mvua zilizosomwa kwenye kipimamvua saa tatu asubuhi. Au hakuna kitu, kwa sababu siku hiyo hakuna aliyesoma.

Hivyo viwili, "mvua haikunyesha" na "hatujui kama ilinyesha", ni habari tofauti kabisa kwa mkulima. Kisa chote kinazunguka hapo.

## Mambo yalivyofuatana

### Kutoka orodha hadi arei

Mtafiti wa kwanza alihifadhi mvua katika orodha, kila kituo na orodha yake. Kwa vituo vichache hilo halina ubaya. Lakini orodha ya Lisp ni mnyororo: ukiitaka siku ya mwisho kwa `nth`, lazima upite pete zote 14,609 zilizotangulia. Modeli iliuliza siku moja moja, mamilioni ya mara, kwa hiyo muda mwingi ulikwisha kwenye kutembea tu.

Kijana aliyekabidhiwa kazi akaamua kutumia arei, yaani visanduku vilivyopangwa pamoja ambavyo kila kimoja hufikiwa moja kwa moja kwa nambari yake, na huo ulikuwa uamuzi sahihi. Jaribio lake la kwanza lilikuwa hili:

```lisp
(make-array 1200
  :initial-element (make-array 14610 :initial-element nil))
```

Alipojaza data, vituo vyote vikaonyesha mvua ileile. Kila anayejifunza arei za Lisp hupita njia hii, kwa hiyo tuiangalie vizuri. Usemi unaofuata `:initial-element` hukokotolewa mara moja tu. Arei ya ndani ilitengenezwa moja, kisha visanduku vyote 1,200 vya arei ya nje vikapewa kielekezi, yaani anwani, cha kuielekea hiyohiyo. Ukiandika mvua ya kituo cha 7, umeiandika kwa vituo vyote. Namba au `nil` (alama ya Lisp ya "hakuna kitu") hazileti shida hii, maana hazibadilishwi ndani kwa ndani; shida huja pale kitu unachokirudia ni orodha, arei au chochote kinachoweza kuandikiwa.

Akaachana na arei ndani ya arei, akatengeneza jedwali moja la pande mbili:

```lisp
(make-array '(1200 14610) :initial-element nil)
```

Likafanya kazi. Pengo lilikuwa `nil`, mvua ilikuwa namba, na modeli ya zamani ilikuwa tayari inajua kuruka `nil`. Kwa usahihi wa maana, hapa palikuwa mahali pazuri.

### Desimali zilizopotea

Mchumi kilimo wa timu alijumlisha mvua ya miaka 40 ya kituo kimoja kwenye Excel, akaona haikubaliani na ya programu. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini haikuwa na maelezo.

Chanzo kilikuwa msomaji wa faili. Common Lisp ikisoma `0.1` bila kuambiwa lingine, huifanya namba ya desimali ya usahihi mmoja, kwa sababu ndivyo `*read-default-float-format*` ilivyowekwa tangu mwanzo. Usahihi huo hubeba tarakimu kama 7. Ukiigeuza baadaye kuwa ya usahihi maradufu hupati `0.1d0`, unapata `0.10000000149011612d0`, kwa sababu kilichokatwa wakati wa kusoma hakirudi. Ukijumlisha maelfu ya namba za namna hiyo kwa usahihi uleule mmoja, makosa ya kukadiria hujilimbikiza hadi yakaonekana.

Tiba ilikuwa mstari mmoja, kufunga `*read-default-float-format*` kwenye `double-float` wakati wa kusoma. (Mstari wa pili ulioongezwa siku hiyohiyo ulikuwa kufunga `*read-eval*` kwenye `nil`. Yeyote anayesoma faili za watu wengine kwa `read` afanye hivyo kabla ya jambo lingine lolote, la sivyo faili inaweza kuendesha msimbo wake ndani ya programu yako.)

### Kumbukumbu ikajaa

Tiba hiyo ikazaa tatizo jipya. Kwenye SBCL ya biti 64, namba ya usahihi mmoja hukaa ndani ya kisanduku chenyewe. Ya usahihi maradufu haitoshei: katika arei ya jumla, ile inayokubali kitu cha aina yoyote, kisanduku hubaki na kielekezi cha baiti 8, na namba yenyewe huwekwa pembeni ikichukua baiti 16 nyingine. Jedwali lililokuwa takriban MB 140 likafika kama MB 421 pale ambapo karibu kila kisanduku kina kipimo. Zaidi ya hapo, kisafisha kumbukumbu, sehemu ya Lisp inayotafuta na kuachia nafasi isiyotumika tena, kilitakiwa kufuata vielekezi hivyo vyote kila kilipolipitia jedwali. Kazi ikawa inaachwa iende usiku.

Ndipo likaja wazo la arei maalumu:

```lisp
(defparameter *mvua*
  (make-array '(1200 14610) :element-type 'double-float))

(defun weka (kituo siku thamani)
  (when thamani
    (setf (aref *mvua* kituo siku)
          (coerce thamani 'double-float))))
```

Ukisema `double-float`, namba hupangwa zenyewe bila vielekezi, baiti 8 kila moja, na jedwali linarudi kwenye MB 140. Kisafisha kumbukumbu nacho hakina haja ya kuchungulia ndani, kwani kinajua humo hamna vielekezi.

Kijana alijaribu kwanza `(or null double-float)`, akitumaini kupata vyote viwili, wepesi na `nil`. Lisp ilikubali bila kulalamika, lakini jedwali halikupungua hata kidogo. Kiwango kinaruhusu utekelezaji wa lugha, kama SBCL, kuipandisha aina uliyoomba hadi aina pana iliyo karibu, na kwa SBCL aina hiyo hupandishwa hadi `t`, yaani arei ya jumla kama ya mwanzo. Njia ya kujua ni kuuliza: `(upgraded-array-element-type '(or null double-float))`. Ikijibu `T`, umepewa arei ya jumla.

Basi akabaki na `double-float` tupu. Rudia kuisoma `weka` hapo juu. Kama hakuna kipimo, haifanyi kitu, na kisanduku kinabaki kama kilivyozaliwa. Kilizaliwa na nini? Kiwango hakisemi: usipotoa `:initial-element`, kusoma kisanduku ambacho hakijaandikwa hakuna matokeo yaliyoainishwa. SBCL kwa kawaida hukupa kumbukumbu iliyofutwa, ambayo ikisomwa kama `double-float` ni `0.0d0`.

Hakuna mtu aliyeamua kwamba pengo liwe sifuri. Hakuna aliyeandika sifuri popote. Ukitafuta ndani ya msimbo wote huoni mahali kosa lilipofanyika.

### Kituo cha bondeni

Majaribio yalipita. Ramani ya tarehe za kupanda ikatolewa, na mama mmoja mtaalamu wa udongo, ambaye hajawahi kuandika msimbo, akaitazama na kusema vituo vya bondeni haviwezi kuwa na masika ya kuchelewa kuliko vya mlimani jirani. Akaomba daftari la kituo kimoja.

Modeli ilitambua kuanza kwa masika hivi: mvua ya milimita 20 au zaidi ndani ya siku tatu, mradi ndani ya siku 30 zinazofuata pasiwe na siku 10 kavu mfululizo. Kwenye daftari la kituo hicho, mwishoni mwa Machi, mvua kubwa ilirekodiwa siku tatu mfululizo. Kisha siku moja ya milimita 0.4, ambayo kwa modeli ni kavu kwa kuwa haijafika milimita moja. Kisha mistari tisa mitupu, na pembeni, kwa kalamu, mwandiko wa msomaji: barabara imekatika.

Siku moja kavu na mapengo tisa yaliyogeuka sifuri ni siku kumi. Modeli ikahukumu kwamba masika yale yalikuwa ya uongo, ikasogeza tarehe ya kupanda mbele. Mafuriko yaliyomzuia msomaji kufika kwenye kipimamvua yakasomwa kama ukame. Na hili halikuwa la kituo kimoja, kwa sababu msomaji wa kipimamvua hukosa kufika hasa siku ambazo mvua ni kubwa.

## Maamuzi na sababu zake

Timu ilikaa na kuorodhesha njia za kuwakilisha pengo. Nilishiriki kikao hicho, na hoja zilikuwa hizi.

Kurudi kwenye arei ya jumla yenye `nil` kulikuwa sahihi kimaana, lakini MB 421 na mzigo wa kisafisha kumbukumbu havikuvumilika kwenye kompyuta walizonazo.

Namba ya alama, kama -9999 inayotumika katika hazina nyingi za data za hali ya hewa, ilikuwa na watetezi. Ubaya wake ni kwamba kila funksheni lazima ikumbuke kuikagua. Faida yake, ambayo naona haikupewa uzito wa kutosha, ni kwamba ukisahau katika jumla utaona namba hasi ya ajabu, na mvua hasi humshtua kila mtu. Katika kuhesabu siku kavu lakini, -9999 ni ndogo kuliko milimita moja, na kosa lilelile la bondeni lingejirudia kimyakimya.

Thamani maalumu ya desimali iitwayo "si namba" (NaN) ilikataliwa upesi. Kiwango cha Common Lisp hakiizungumzii, na SBCL kwa kawaida husimamisha hesabu za desimali zisizo halali kwa kutoa hitilafu. Inawezekana kuizima tabia hiyo, lakini modeli iliyodumu zaidi ya miaka 20 kwa kushikamana na kiwango haifai kufungwa kwenye mbinu za utekelezaji mmoja.

Iliyochaguliwa ni arei ya pili, ya biti, yenye umbo lilelile:

```lisp
(defparameter *mvua*
  (make-array '(1200 14610) :element-type 'double-float
                            :initial-element 0d0))

(defparameter *ipo*
  (make-array '(1200 14610) :element-type 'bit
                            :initial-element 0))

(defun weka (kituo siku thamani)
  (when thamani
    (setf (aref *mvua* kituo siku) (coerce thamani 'double-float)
          (aref *ipo* kituo siku) 1)))

(defun soma (kituo siku)
  (when (= 1 (aref *ipo* kituo siku))
    (aref *mvua* kituo siku)))
```

Kiwango kinalazimisha kila utekelezaji uwe na arei maalumu za biti, kwa hiyo hapa hakuna kubahatisha. Gharama ni biti 17,532,000, yaani takriban MB 2.2. Kwa modeli, `soma` inarudisha `nil` penye pengo kama zamani, na msimbo wa mzee haukuguswa.

Kwa jumla za mwezi walifuata mwongozo wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani: siku moja ikikosekana, jumla ya mwezi haitolewi. Walitumia arei za dirisha, ambazo hazinakili data bali hutazama kipande cha arei nyingine:

```lisp
(defun jumla-ya-mwezi (kituo mwanzo idadi)
  (flet ((dirisha (arei aina)
           (make-array idadi
             :element-type aina
             :displaced-to arei
             :displaced-index-offset
             (array-row-major-index arei kituo mwanzo))))
    (unless (find 0 (dirisha *ipo* 'bit))
      (reduce #'+ (dirisha *mvua* 'double-float)))))
```

Dirisha la upande mmoja linahitajika kwa sababu `find`, `reduce` na `count` hufanya kazi juu ya mfuatano, na arei ya pande mbili si mfuatano. Aina ya elementi lazima itajwe na ilingane na ya arei ya chini. Ukiisahau, Lisp hudhani `t` na SBCL hukataa. Dirisha ni zito kuliko arei ya kawaida kila linaposomwa, kwa hiyo halikutumika ndani ya lupu kuu za modeli.

Palikuwa na pendekezo jingine, la kuzima ukaguzi wa mipaka kwa `(safety 0)` ili kuongeza kasi. Lilikataliwa, na nafurahi lilikataliwa. Arei za Common Lisp hupangwa safu mlalo baada ya safu mlalo. Siku za kituo kimoja zinakaa pamoja, na mara tu zinapoisha ndipo kituo kinachofuata kinaanza. Siku halali ni 0 hadi 14,609. Faili ikiletwa na siku ya ziada ya Januari 2021, yaani nambari 14,610, ukokotoaji usiokaguliwa utaangukia kwenye siku ya kwanza ya kituo kinachofuata, Januari 1981. Hakuna kitakachovunjika, mvua ya mahali pamoja itahamia mahali pengine, miaka 40 nyuma. `aref` ikiwa na ukaguzi husimama palepale na kutaja upande uliovuka mpaka. Ieleweke pia kwamba `row-major-aref`, hata ikiwa na ukaguzi, hupima ukubwa wa jedwali zima tu. Anayeitumia kwa kukokotoa nafasi kwa mkono anaweza kufanya kosa hilohilo.

Kasi ilipatikana kwingine. Wastani wa mvua wa kila siku kwa vituo vyote ulikokotolewa kwa kushika siku moja na kupita vituo vyote, kisha siku inayofuata. Kutoka kituo hadi kituo kwa siku ileile ni kuruka baiti 116,880 kila hatua, na kichakataji hakipendi kurukaruka namna hiyo. Wakageuza lupu: kituo nje, siku ndani, huku jumla zikikusanywa kwenye vekta (arei ya upande mmoja) ya siku 14,610. Hesabu ni zilezile, ila sasa kumbukumbu inasomwa mfululizo.

## Matokeo

Vituo vya bondeni vilirudi kwenye tarehe zinazoeleweka. Baadhi ya misimu ilibaki bila jibu kabisa, kwa kuwa mapengo yalikuwa mengi mno, na ramani sasa inayaonyesha maeneo hayo kwa rangi ya kijivu. Wapo waliolalamikia kijivu hicho. Naona ndiyo sehemu ya ramani inayostahili heshima kuliko zote.

Jedwali na arei yake ya biti sasa vinachukua kama MB 142 kwa pamoja, na kazi iliyokuwa ikiachwa usiku huendeshwa mchana mtu akiwa mezani.

## Uchambuzi

Tazama mnyororo wa mambo. Desimali zilirekebishwa, kumbukumbu ikajaa. Kumbukumbu ikarekebishwa, maana ya pengo ikapotea. Kila hatua, ukiitazama peke yake, ilikuwa ya busara. Tatizo ni kwamba hatua ya mwisho ilichukuliwa kuwa suala la kasi, na ilipitiwa na wenzake kama suala la kasi: waliangalia muda na kumbukumbu. Lakini kubadilisha aina ya elementi za arei ni kubadilisha yale ambayo kisanduku kinaweza kusema. `nil` iliondolewa kwenye msamiati wa jedwali bila mtu kuuliza nani alikuwa akiitumia.

Majaribio yalisaidia kidogo sana. Walilinganisha jedwali la zamani na jipya kwa `equal`, wakapata `NIL`, kwa sababu `equal` haiingii ndani ya arei isipokuwa za upande mmoja za herufi au za biti. Wakahamia `equalp`, ambayo huingia ndani na kulinganisha kisanduku kwa kisanduku, wakapata `T`, wakaridhika. `equalp` ingeikataa sifuri iliyokaa mahali pa `nil`. Ilikubali kwa sababu kituo cha majaribio kilichaguliwa kwa ubora wake, na hakikuwa na pengo hata moja. Baada ya kisa hiki, data ya majaribio ni ya kituo kibovu kuliko vyote walichonacho, pamoja na ile miezi ambayo daftari liliyeyuka kwa maji.

Kilichofanya kazi vizuri ni ukali wa arei maalumu. Arei ya jumla ilikuwa imebeba kwa miaka mchanganyiko wa namba kamili, desimali na hata neno moja lililoingia kwa bahati mbaya kutoka kwenye safu wima ya maelezo. `double-float` ililikataa neno hilo siku ya kwanza. Ukali huo ni wa thamani kubwa katika lugha isiyokulazimisha kutaja aina, na ningeutumia hata pale ambapo kasi haihitajiki.

Jambo moja bado linahitaji uangalizi. Kila Januari jedwali huongezwa siku za mwaka mpya kwa `adjust-array`. Elementi za zamani hubaki kwenye viwianishi vyake, lakini kwa arei ambayo haikuumbwa kurekebishika, jibu ni arei mpya. Asiyelihifadhi kwa `setf` anaendelea kutumia ile ya zamani. Zaidi ya hapo, arei mbili lazima zikue pamoja, na visanduku vipya vya `*ipo*` lazima vipewe `:initial-element 0` waziwazi. Kwa hiyo kukuza kumewekwa ndani ya funksheni moja, na jaribio lake la kwanza husoma siku mpya kabla haijajazwa, likitarajia `nil`.